Gaidi wa Mto Athi

Mtu akikuambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yeye ni gaidi, unamwamini. Sisi tulimwamini miaka yote.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wazungu kuvua samaki Mto Athi, huku kwetu chini ya Kanyangi. Kazi hiyo ina jina lake la Kizungu, jina la mtu anayeonyesha wageni njia. Yeye alilisikia kwao, akalibeba mdomoni mpaka nyumbani, na lilipofika likawa limegeuka gaidi. "Mimi ni gaidi," alikuwa akisema huku anakunyooshea mkono wa salamu. Nilipofika shule nikafundishwa kwamba gaidi kwa Kiswahili ni mtu wa kuvizia watu porini na bunduki. Nikakimbia nyumbani kumwambia mama. Mama hata hakuacha kupepeta ndengu.

"Kwani wewe ulidhani ni nini?"

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wenye ukoo wake waandike yao. Mimi nina swali moja tu, na nimetembea nalo tangu siku ile seng'enge ilipozungushwa kando ya mto: huyu mtu aliuza njia yetu ya maji, ama hakuuza? Ninayoyajua nitayaweka hapa, wewe uamue. Mimi nimeshaamua mara nyingi, na kila mara nimegeuka.

Jina lile liliwahi kumtia matatani. Hadithi hii niliipata kwa fundi wa cherehani wa sokoni, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, na ndiye rafiki peke yake ambaye Gaidi alikuwa naye. Ilikuwa miaka ya sitini, mimi bado sijui kuvaa nguo. Gaidi alikuwa amewapeleka wazungu wawili Mto Tana kupitia Nuu, wakati watu wa pande zile walikuwa wanalala na viatu kwa kuogopa wavamizi. Yeye alitangulia mbele peke yake, begani amebeba bomba refu la bati ambalo ndani yake mna fimbo za kuvulia. Askari wakamkuta.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni gaidi."

"Na hicho kirefu ni nini?"

"Ni cha wazungu. Wako nyuma."

Walimpiga mpaka wazungu walipofika kuja kumsemea. Fundi alikuwa akiisimulia hadithi hii akicheka mpaka sindano inakata uzi. Mimi kilichonishangaza si kipigo. Ni kwamba baada ya siku ile, mtu yeyote mwenye akili angetafuta neno lingine. Yeye hakutafuta. Aliendelea kusema mimi ni gaidi, kwa chifu, kwa pasta, kwa mama mkwe wake. Fundi alimwambia, "Ndugu yangu, hilo neno litakuua." Akajibu, "Ndiyo kazi yangu. Niite nini, mpishi?"

Mtu asiyetaka kueleweka, mimi namwogopa.

Halafu kuna haya mambo ya manyoya. Wazungu wake hawakuvua kwa minyoo kama watu. Walivua kwa nzi, tena si nzi wa kweli. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya kuku, nywele za mbuzi na uzi wa rangi, mpaka samaki akiiangalia kutoka chini anaona mdudu ameanguka majini. Gaidi ndiye aliyezifunga, nyumbani kwake, mchana, mlango ukiwa wazi, ili watu waone hakuna ubaya. Walichoona ni mwanamume mzima amekaa na manyoya, nywele na uzi mwekundu, anafunga vitu vidogo huku amefunga mdomo. Huku Ukambani! Ungeambiwa nini zaidi?

Uzi aliuokota chini ya cherehani ya fundi. Manyoya alitaka ya shingo ya jogoo peke yake, na si jogoo yeyote. Alikuwa akipanda mpaka Nunguni kwenye baridi, siku nzima ya safari, kwa sababu alisema majogoo wa kule wana shingo inayong'aa. Lakini siku moja alimwona jogoo wa mama yangu, mwekundu kama makaa, akaja kubisha.

"Mwaitu, mama yangu, naomba shingo ya jogoo wako."

"Nimchinje?"

"La, usimchinje. Nataka manyoya tu. Abaki nayo shingo yake."

Mama alimfukuza na mwiko. Wiki hiyo hiyo jogoo akarudi jioni shingo ikiwa uchi kama ya tai, lakini mzima, anawika. Juu ya jiwe la mlangoni kuliwekwa pakiti ya majani ya chai na sukari. Mama alichukua sukari, majani ya chai akayatupa chooni, maana alisema sukari haishiki uchawi. Sijui alitoa wapi hiyo sheria. Jogoo aliota manyoya mapya, tukamla Krismasi, na hakuna aliyekufa. Hata hivyo mama ameendelea kusema mpaka leo, "Yule mtu aliiba kitu kwangu, sijui ni nini."

Akiwa mtoni alikuwa mtu mwingine. Hapo sitamdhulumu. Nilimtazama mara nyingi nikiwa msichana, nikiwa nimejificha na mtungi wangu. Kivuli chake hakikuwahi kugusa maji. Alizunguka mbali, akainama, akapiga magoti, akamwonyesha mzungu kwa kidevu. Mzungu naye anasimama anachapa hewa kwa ile fimbo nyembamba, mbele na nyuma, kama mtu anayefukuza ng'ombe asiyeonekana. "Samaki hana masikio," Gaidi alikuwa akisema, "lakini anasikia miguu ya mjinga." Samaki wenyewe walikuwa wale wakubwa wa masharubu na magamba ya rangi ya shaba. Akivuliwa mmoja, Gaidi aliingia majini, akalowesha mikono yake yote miwili kwanza, ndipo akamshika. Mkono mkavu unamchubua, alisema. Akamtoa ndoano. Akamshika chini ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akimngoja apate pumzi. Akamwachilia.

Mke wake aliwaambia wanawake kisimani, "Samaki ananawiwa mikono. Mimi nikimpa ugali anaingiza kidole alichotoka kufungia manyoya."

Huko kuachilia ndiko kulikoniudhi kuliko yote. Mwaka ule mvua zote mbili zilikataa, nilikuwa na mwanangu Mwende titini, maziwa yamekauka, nakula muthokoi wa mahindi ya msaada wenye ladha ya gunia. Nikashuka mtoni nikamkuta na mzungu wake wamevua samaki urefu wa mkono wangu. Nikamwona ananawa mikono. Nikaona sasa anamrudisha. Nilitoka nyuma ya mwamba nikapiga kelele mpaka mzungu akateleza akakaa majini.

"Mnacheza na chakula? Watu wanakufa njaa, nyinyi mnacheza na chakula?"

Gaidi hakuinuka. Aliniuliza polepole, kwa Kikamba, "Mwaitu, wewe unakula samaki?"

"Sili! Wa nini, nyoka wa maji? Lakini si lazima nile ndiyo nikasirike!"

"Hata mimi sili," akasema.

Ati hata yeye hali! Nilirudi nyumbani na neno hilo. Kwetu ukila samaki wazee watakusema, hilo ni kweli, na fundi wa cherehani alikuwa akitutania kila siku: "Nyinyi Wakamba mnaogopa samaki, na kobe mnamwogopa, na mnalalamika njaa." Lakini huyu aliwapenda samaki, akawajua mmoja mmoja kama mbuzi wake, na hakuwala. Mtu anayependa kitu asichokila, asichokiuza, asichokifuga, anakipendea nini? Kesho yake mlangoni kwangu nikakuta kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Hakikuwa na jina. Nilimpa mtoto. Mimi sikuwa na nafasi ya kutupa chochote chooni.

Na siku ya mamba je? Sisi wanawake tulikuwa tunateka maji kwenye kilindi, pale mto unapopinda chini ya miamba, maji yanakaa mengi na safi hata kiangazi. Asubuhi moja Gaidi alikuwa amesimama njiani, amepanua mikono kama anazuia ndama.

"Leo msiteke hapa."

"Kwa nini?" aliuliza Mama Kasyoka, jirani yangu, ambaye haogopi mtu.

"Msiteke tu."

"Umeona nini?"

"Nimesema msiteke."

Tulimtukana, lakini tulirudi. Mchana mamba akachukua mbuzi palepale. Sasa ungetarajia tumshukuru. Tulikaa kikao tukasema: alijuaje? Mama Kasyoka akatoa hukumu kwamba mamba ni wake, na siku ile alikuwa hajaelewana naye. Nilicheka, lakini nilipokuwa napita karibu na boma lake jioni nilivuka upande ule mwingine wa njia.

Shida ya huyu mtu ilikuwa mdomo. Kusema mahali, hakusema. Mahali popote. Wazungu wenyewe walilalamika kwamba anawazungusha ili wasije wakajua kurudi peke yao. Ukimuuliza ametoka wapi, anasema "huko." Akinunua sukari hakuambii ni duka gani. Fundi alipomuuliza Gaidi mwanawe wa kike ameolewa wapi, akajibu, "Upande wa juu." Alikuwa na msemo wake: samaki anakufa mara ya kwanza mdomoni kwa mwenye kumtaja. Sisi tulikuwa na wetu: mtu asiyesema alikotoka ameficha alikokwenda.

Na kwa jambo moja tu aliongea. Sabuni. Akitukuta tunafua kwenye kilindi alisimama juu ya mwamba akatuhubiria mpaka povu likamtoka yeye. Tukafulie mbali, tumwage kwenye mchanga, maji yale si ya sabuni, kuna vitu vidogo chini ya mawe vinakufa na samaki anakula vitu hivyo. Mimi nikamwambia, "Na nepi za mtoto nifulie mbinguni?" Alitazama zile nepi, akasema, "Mtoto wako atakua. Samaki akifa amekufa." Kama kungekuwa na jiwe la kunitosha mkono ningemrushia.

Kwa hiyo elewa. Huyu ni mtu ambaye angefurahi sana tukiondoka kwenye kile kilindi.

Wazungu walipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Wengine walirudi kwao, wengine walizeeka. Gaidi hakuacha. Alishuka mtoni peke yake na koti lake la mifuko mingi, bila fimbo, akatembea kando ya maji kutwa, akarudi. Wengine walisema analinda dhahabu. Wengine walisema anahesabu mamba wake. Kisha, baada ya mvua za mwaka juzi, tukamwona amekaa mbele kwenye Landirova mpya, kioo kimefunguliwa, akionyesha kwa kidevu. Aliyekuwa akiendesha ni meneja wa tajiri mmoja wa Nairobi. Kabla ndengu hazijakomaa, vijana wageni walikuwa wakipiga vigingi. Seng'enge ilipita juu ya njia yetu ikashika ukingo wote wa mto, na kwenye kilindi kukajengwa kambi ya mahema. Lango moja tu, na mlinzi.

Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka kilima chote mpaka bwawani, mtungi mgongoni, mtoto kifuani. Mama Kasyoka alianguka huko akavunjika mkono. Mwanangu mchanga, mdogo wake Mwende, alianza kuhara kwa maji ya bwawa la ng'ombe, akakonda mpaka kichwa kikawa kikubwa kuliko yeye. Nilikwenda kwa Gaidi siku hiyo. Nilimkuta mlangoni anafunga manyoya, uzi sasa unamponyoka.

"Mzee, wewe ndiye uliyewaonyesha?"

"Niliwaonyesha mto."

"Kilindi?"

Akainama kuokota uzi.

"Mtoto wangu anakufa, mzee. Chifu ameitisha baraza kwa ajili ya njia. Chifu ni mgeni, hajui kitu. Wazee watasema njia ilikuwepo, meneja atasema wazee wanadanganya kwa sababu ni baba zetu na waume zetu. Wewe si wa mtu yeyote. Umepita njia ile miaka thelathini na wazungu. Ukisema, imekwisha. Utasema?"

"Mimi sisemi mahali," akasema.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki.

Baraza lilikaa mbele ya ofisi ya chifu. Meneja alikuja na wakili, wakili akakaa kwenye gari ameacha mlango wazi ili aonekane. Nilisimama nikasema yangu, mtoto akiwa mgongoni anaunguza kama jiko. Chifu alikuwa kijana, hata hakuwa mbaya. Aliuliza kama yuko shahidi ambaye si jamaa. Watu wote wakageuka. Gaidi alikuwa nyuma kabisa, ameegemea baiskeli ya mtu.

"Mzee, kazi yako?" chifu akauliza.

"Mimi ni gaidi."

Baraza likaangua kicheko, chifu akatazama askari wake, fundi wa cherehani akasimama kueleza kama alivyoeleza maisha yake yote.

"Haya. Unaijua njia ya hawa akina mama kwenda kwenye maji?"

"Naijua."

"Ilipita wapi?"

Gaidi akaiacha ile baiskeli. Nilimwona meneja anaanza kutabasamu.

"Kusema sijui," Gaidi akasema. "Kama mnataka, nifuateni."

Akaondoka. Hakungoja ruhusa. Chifu akainuka, wazee wakainuka, meneja akamwita mlinzi afungue. Tulikuwa kundi kubwa, wanawake wote wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, na mitungi yetu mitupu. Gaidi alitembea mbele akiwa ameinama, kama zamani, na sisi wote bila kuambiwa tukaacha kuongea. Alikata kushoto kabla ya mkuyu. Mama Kasyoka akanivuta nguo kwa mkono wake mzima.

"Hii si njia yetu. Hii ni ya ng'ombe!"

Nilijua. Njia yetu ilikuwa kulia, kwenye miamba. Lakini tuliendelea kushuka mpaka tukatokea chini kabisa, mbali na kambi, pale mto unapopanuka ukawa mchanga mtupu na maji ya kifundo cha mguu. Ng'ombe ndio walinywa pale. Hakuna mwanamke aliyewahi kuteka pale. Gaidi akasimama.

"Maji yao," akasema.

Wa kwanza kuitikia alikuwa meneja. "Kama ni hapa, sisi hatuna shida. Kabisa. Tutatoa seng'enge hata leo." Alisema haraka mno. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule wakili wa kwenye gari aliletwa kwa ajili ya kilindi. Kilindi wangekipigania kortini mpaka Machakos, mpaka Nairobi, mpaka mtoto wangu awe ameshazikwa na nyasi zimeota.

Lakini ni nani mwingine aliyelijua hilo kabla ya sisi kufika pale, na alilijulia wapi? Kwenye ile Landirova? Na kilindi sasa kitakuwa bila mtungi, bila nepi, bila sabuni, milele. Nilimtazama Gaidi usoni nikitafuta aibu ama huruma, chochote. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama juu ya mto, kule maji yanakotoka.

Chifu akanigeukia. "Mama Mwende, wewe ndiye mlalamishi. Ni hapa mlipokuwa mkiteka?"

Nyuma yangu wanawake walisogea karibu. Mama Kasyoka alikuwa na pumzi nzito. Mimi ni mtu wa kusema ukweli, kila mtu anajua, nimepoteza marafiki na mume mmoja kwa kusema ukweli. Mtoto akasogea mgongoni, akatoa ile sauti ndogo ambayo si kilio tena.

"Ni hapa," nikasema.

Walikata seng'enge sisi tukiangalia. Nilipiga magoti mbali na kinyesi cha ng'ombe nikachimba mchanga kwa mikono. Kwanza yalitoka matope, nikayatupa, nikachimba tena, yakatoka ya rangi ya chai, nikayatupa. Niliponyosha mgongo nikainua kichwa kumtafuta Gaidi, nimwambie neno, la asante ama la matusi, sikuwa nimechagua. Alikuwa ameshapanda kule juu, upande wa kambi, na mlinzi alikuwa akimfungulia lango.

Shimoni maji yalikuwa yameanza kuingia meupe. Nikamshusha mtoto.